Hugo, Locus, Dragon na Goodreads: Ulinganisho kwa Msomaji Anayetaka Kupigia Kura Bunilizi Anazozipenda

Msomaji anayefunga mwaka akiwa amemaliza riwaya ishirini au thelathini za fantasia na za bunilizi za kisayansi, pamoja na hadithi fupi ambazo hakuzihesabu, hujikuta akitaka kusema hadharani ni zipi zilizomgusa zaidi. Tuzo zinazoamuliwa kwa kura za mashabiki zipo kwa ajili ya hamu hiyo. Tatizo ni kwamba tuzo hizo haziulizi swali moja. Hugo humtaka ataje hadi kazi tano katika kila kipengele bila kuzipanga, kisha miezi michache baadaye humletea kazi sita na kumwambia azipange kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Locus humpa nafasi tano zenye uzito unaopungua. Dragon na Goodreads humtaka achague moja, basi. Jibu zuri kwa swali la kwanza linaweza kuwa jibu baya kwa swali la pili, na kwa sababu hiyo nitaanza na karatasi za kura kabla ya kufika kwenye vitabu vyenyewe.

Kuna tuzo ambazo mara nyingi huchanganywa na hizi lakini si za mashabiki. Nebula, iliyoanza kutolewa mwaka 1966, hupigiwa kura na wanachama wa SFWA, chama cha waandishi wenyewe. World Fantasy Award, ya tangu mwaka 1975, mshindi wake huamuliwa na jopo la majaji, ingawa wanachama wa kongamano lake huchangia baadhi ya majina ya wawaniaji. Zipo vilevile tuzo zenye jumuiya zake za wapigakura, kama Seiun ya Japani, Ditmar ya Australia, Aurora ya Kanada na Nommo ya bunilizi za Waafrika, na anayehusika na jumuiya hizo atafuata kanuni zake. Hapa nalinganisha zile nne ambazo msomaji wa popote anaweza kuingia.

Mlango wa kuingilia

Hugo ndiyo kongwe kati yake. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 mjini Philadelphia, ikarukwa mwaka uliofuata, na tangu mwaka 1955 imetolewa kila mwaka. Jina lake linatokana na Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926. Wapigakura wake ni wanachama wa Worldcon, kongamano la dunia la mashabiki wa bunilizi ambalo huhamia mji mwingine kila mwaka. Si lazima usafiri: upo uanachama wa ada ndogo kuliko tiketi ya kuhudhuria, unaokupa haki ya kupendekeza na kupiga kura ukiwa nyumbani. Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba wanachama wa kongamano la mwaka uliopita nao wanaruhusiwa kupendekeza, lakini kura ya mwisho ni ya wanachama wa mwaka husika pekee. Ukijiunga mara moja, basi, unapata misimu miwili ya mapendekezo na msimu mmoja wa kura ya mwisho.

Locus ni tuzo ya jarida lenye jina hilohilo, lililoanzishwa mwaka 1968, na imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1971. Mtu yeyote anaweza kupiga kura kwenye mtandao bila ada, ila kura ya msomaji aliyejisajili kununua jarida huhesabiwa mara mbili. Kanuni hiyo ya uzito maradufu ilizua manung'uniko mwaka 2008 kwa sababu ilianza kutumika baada ya kura kuwa zimekwisha kupigwa. Kanuni yenyewe naiona inatetewa kwa hoja, maana anayelipia jarida la fani anaelekea kuwa amesoma mengi zaidi, lakini kubadilisha mizani baada ya bidhaa kupimwa ni jambo lisilotetewa hata kidogo.

Dragon ilianzishwa mwaka 2016 na kongamano la Dragon Con la mjini Atlanta, Marekani. Kupiga kura ni bure, na hata asiyewahi kufika kwenye kongamano hilo huweza kujiandikisha kwa anwani ya barua pepe. Goodreads, tovuti ya wasomaji, imekuwa na kura zake tangu mwaka 2009. Hiyo nayo ni bure kwa kila mwenye akaunti, na kura zake za jumla hufika mamilioni.

Kwa kigezo cha urahisi pekee, Goodreads inashinda na Hugo inashika mkia. Hata hivyo urahisi wa mlango unaendana kinyume na uzito wa kura. Kura moja kati ya mamilioni ni tone baharini. Kura moja ya mapendekezo katika kipengele cha hadithi fupi cha Hugo, ambako majina hutawanyika juu ya mamia ya hadithi, inaweza kuwa ndiyo iliyoingiza hadithi kwenye orodha ya wawaniaji au iliyoiacha nje.

Karatasi ya kura, na kile inachokuomba

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Katika hatua ya mapendekezo ya Hugo, kila mpigakura hutaja kazi tano au pungufu katika kila kipengele, na zote zina uzito sawa. Tangu mwaka 2017 kila kipengele huwa na wawaniaji sita, nao hupatikana kwa njia inayoshangaza mara ya kwanza unapoisikia. Kila karatasi ina pointi moja, ambayo hugawanywa sawa baina ya kazi zilizotajwa humo. Ukitaja kazi mbili, kila moja hupata nusu. Ukitaja tano, kila moja hupata sehemu moja ya tano. Kisha huchukuliwa kazi mbili zenye pointi chache kuliko zote, zikalinganishwa kwa idadi ya karatasi zilizozitaja, na ile iliyotajwa na watu wachache zaidi huondolewa. Kazi ikishaondolewa, sehemu yake ya pointi hurudi kwa kazi zilizobaki katika karatasi ileile, na hesabu huanza upya mpaka zibaki sita.

Utaratibu huo una faida mbili kwa anayechagua. Ya kwanza ni kwamba hakuna hasara ya kudumu katika kujaza nafasi zote tano. Wapo wanaotaja kazi moja tu wakidhani wanaiongezea nguvu, ilhali pointi zitairudia kazi hiyo kadiri zile nyingine zinavyoondolewa. Ya pili ni kwamba kikundi kinachopiga kura kwa orodha moja hujipunja chenyewe. Chukua watu 200 waliokubaliana kutaja kazi zilezile tano: kila kazi inaanza na pointi 40. Moja ikiondolewa, nne zilizobaki zinapanda hadi 50 kila moja. Ya pili ikiondoka, tatu zinabaki na pointi 66 na ushei. Kikundi hicho kitapata nafasi kadhaa kwenye orodha kulingana na ukubwa wake, lakini si orodha nzima. Utaratibu huu haukubuniwa kwa kujifurahisha, kama nitakavyoeleza mbele.

Kura ya mwisho ya Hugo ni kitu kingine kabisa. Unapanga wawaniaji kwa nambari, na kura huhesabiwa kwa mizunguko: kazi yenye nafasi za kwanza chache zaidi huondolewa na karatasi zake huhamishiwa kwa chaguo linalofuata, mpaka moja ivuke nusu. Tuseme kuna karatasi 100 na kazi tatu, ambapo ya kwanza ina karatasi 40, ya pili 35, na ya tatu 25. Ya tatu inaondoka. Karatasi zake 18 zinahamia kwa ya pili na 7 kwa ya kwanza. Ya pili inashinda kwa 53 dhidi ya 47, ingawa haikuongoza mwanzoni. Maana yake ni kwamba kura hii hupenda kazi ambayo watu wengi wangeifurahia ikishinda kuliko ile inayoabudiwa na wachache na kuwachosha wengine. Pia maana yake ni kwamba nafasi zako za pili na za tatu si mapambo: mara nyingi ndizo zinazoamua. Hesabu hii huweza hata kwenda sare, kama ilivyokuwa mwaka 2010, ambapo tuzo ya riwaya iligawanywa kati ya China Miéville na Paolo Bacigalupi.

Katika karatasi hiyo kuna mstari unaosomeka kwa maana ya "Hakuna Tuzo," nao hupangwa kwa nambari kama mwaniaji mwingine. Kuuweka juu ya kazi fulani ni kusema kwamba ni heri kipengele kibaki bila mshindi kuliko kazi hiyo ishinde. Hii ni silaha, na silaha haitumiwi kwa kazi ambayo hukuipenda tu. Kazi ambayo hukuisoma ni bora uiache bila nambari. Itahesabiwa chini ya zote ulizozipanga, lakini hutakuwa umekihukumu usichokijua.

Locus iko katikati. Unataja hadi kazi tano kwa mpangilio, na nafasi ya juu huleta pointi nyingi kuliko ya chini, lakini hakuna uhamishaji wala mizunguko. Karatasi huja na orodha ya kazi zinazopendekezwa na wahakiki wa jarida, na mpigakura anaruhusiwa kuandika jina lisilokuwamo. Kwa maoni yangu orodha hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuifuata tuzo hii, kwa sababu hutangazwa mwanzoni mwa mwaka na humsaidia msomaji kuona ni nini kilichompita.

Kuhusu Dragon na Goodreads hakuna mengi ya kueleza. Unachagua kazi moja katika kila kipengele, na yenye kura nyingi inashinda. Katika Dragon hata hatua ya mapendekezo hukupa jina moja tu kwa kila kipengele. Katika Goodreads wawaniaji huandaliwa na tovuti yenyewe kwa kutumia takwimu za wasomaji wake. Kura za aina hii hupima ukubwa wa kundi la wapenzi wa mwandishi, na hilo si kosa mradi tunajua ndicho kinachopimwa.

Urefu dhidi ya mkondo

Hugo hugawa hadithi kwa urefu. Hadithi fupi ni iliyo chini ya maneno 7,500. Noveleti ni kutoka 7,500 hadi 17,500. Novela ni kutoka 17,500 hadi 40,000. Kutoka hapo ni riwaya. Kazi iliyo karibu na mpaka inaweza kuhamishwa na wasimamizi, kwa hiyo usihangaike kuhesabu neno kwa neno. Locus hufuata urefu katika kazi fupi, lakini riwaya huzitenganisha kwa mkondo: bunilizi za kisayansi peke yake, fantasia peke yake, za kutisha peke yake, za vijana na riwaya za kwanza vilevile. Dragon nayo hugawa kwa mikondo, ikiwemo historia mbadala, na imewahi kuwa na kipengele cha bunilizi za kijeshi. Kazi fupi hazikuwa kipaumbele chake hata mara moja. Goodreads ina fantasia na bunilizi za kisayansi katika vipengele viwili, na mwaka 2023 iliongeza kipengele cha fantasia ya mapenzi baada ya mkondo huo kufurika.

Mgawanyo huu unabadilisha namna ya kuchagua. Mwenye kusoma fantasia pekee hatapata shida katika Locus wala Goodreads: atalinganisha joka na joka. Katika Hugo lazima aweke joka upande mmoja na chombo cha angani upande wa pili, na wengi hapo hupima kila upande kwa kipimo chake. Riwaya ya kisayansi husifiwa kwa werevu wa wazo lake, ya fantasia kwa joto la wahusika wake, kisha msomaji hujiuliza kama werevu unazidi joto. Swali hilo halina jibu. Kanuni za Hugo hazikuwahi kubagua fantasia, lakini kwa miongo mingi wapigakura waliiona kama mgeni, na riwaya ya nne ya Harry Potter iliposhinda mwaka 2001 wapo walionuna.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kimoja kwa pande zote mbili: ondoa kile kisichokuwepo duniani, uone kama hadithi inasimama. Kama uchawi ukiondolewa hadithi inabaki ya wafalme wawili wanaogombea kiti, bila jambo lolote kuharibika isipokuwa mapambano machache, basi uchawi ule ulikuwa rangi ya ukutani. Kama roboti akibadilishwa kuwa mtumishi wa kawaida na kila mazungumzo yakabaki vilevile, roboti yule hakuwa na kazi. Kazi inayostahili tuzo ya bunilizi ni ile ambayo jambo lake la ajabu limeshika nguzo, likiondoka paa linaanguka. Kipimo hiki hakijali kama ajabu hiyo imeelezwa kwa fizikia au kwa mizimu, na kwa hiyo kinaruhusu ulinganisho wa haki.

Kuna kipimo cha pili, cha muda. Usijaze karatasi siku unayofunga kitabu. Riwaya zenye mwisho wa kishindo huonekana kubwa kwa siku tatu, na baada ya wiki sita unakumbuka kishindo bila kukumbuka kilichovunjika. Nyingine zinakuchosha kidogo unapozisoma, kisha mwezi mzima unakuta unaitazama lugha, au kifo, au mashine fulani kwa jicho zililokupa. Katika karatasi yangu aina hii ya pili hupanda nafasi moja au mbili.

Juzuu la kati, kazi iliyotafsiriwa na jina lisilojulikana

Linganisha riwaya inayojitegemea na juzuu la pili la mfululizo wa vitabu vitatu. Riwaya hiyo inajibu maswali yake yenyewe. Juzuu la pili linategemea kumbukumbu ya juzuu lililotangulia na ahadi ya linalofuata, hivyo msomaji wa mfululizo huliona tamu kuliko lilivyo na asiye msomaji huliona chungu kuliko lilivyo. Goodreads humpendelea msomaji wa mfululizo, kwa kuwa wanaopigia kura juzuu la kati ni wale waliokwisha kuupenda mfululizo. Wengine hawakufika huko. Hugo hujaribu kutatua hili kwa kipengele cha mfululizo, kilichoingizwa rasmi mwaka 2018 baada ya majaribio ya mwaka uliotangulia. Mfululizo lazima uwe na sehemu tatu au zaidi na jumla ya maneno 240,000. Ushauri wangu ni kulipeleka pendo la mfululizo kwenye kipengele hicho na kuachia kipengele cha riwaya kwa juzuu linaloweza kusomwa na mgeni. Juzuu la kati huweza pia kuvuka kizingiti hicho kwa nguvu zake: N. K. Jemisin alishinda tuzo ya riwaya kwa miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, kwa juzuu zote tatu za mfululizo mmoja.

Kazi iliyotafsiriwa huleta swali la mwaka. Kwa kawaida kila tuzo hutazama kazi zilizotoka ndani ya kipindi fulani: Hugo na Locus mwaka wa kalenda uliopita, Dragon kuanzia Julai hadi Juni, Goodreads kuanzia katikati ya Novemba hadi Novemba inayofuata. Tofauti hiyo inamaanisha kwamba kitabu kilichotoka Agosti huwania Hugo na Dragon za mwaka unaofuata, lakini kura yake ya Goodreads huja miezi mitatu tu baada ya kutoka, kabla wengi hawajakifungua. Kanuni za Hugo hazidai lugha yoyote, na kazi iliyoandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza hupata nafasi nyingine mwaka inapotoka kwa mara ya kwanza katika tafsiri ya Kiingereza. Kwa njia hiyo riwaya ya Liu Cixin iliyochapishwa kuwa kitabu nchini China mwaka 2008 ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, ikatwaa Hugo mwaka 2015. Unapopima tafsiri dhidi ya kazi ya asili, usiipunguzie alama kwa ugumu wa sentensi wala usiiongezee kwa ugeni wa mandhari. Ugeni huzoeleka baada ya kurasa mia.

Kuhusu mwandishi mpya na mwandishi mashuhuri, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na historia ya tuzo hizi ina vitabu vilivyoshinda kwa jina la mwandishi kuliko kwa yaliyomo. Katika mapendekezo naweka mkono wangu upande wa asiyejulikana pale ambapo kazi mbili zinanipendeza sawasawa, kwa sababu mashuhuri atatajwa na wengine. Katika kura ya mwisho upendeleo huo nauacha. Pale wote wawili wamekwisha kuonekana, na kinachobaki ni kazi.

Kipengele kinachosahaulika

Hadithi fupi ndizo zinazonifanya niitetee Hugo dhidi ya urahisi wa nyingine. Fikiria muda. Wawaniaji sita wa hadithi fupi, kila mmoja chini ya maneno 7,500, hawafiki maneno 45,000 kwa pamoja, yaani riwaya moja nyembamba. Sita za noveleti hazivuki 105,000. Riwaya sita, kwa kiwango cha chini kabisa, zinaanzia 240,000, na kwa kweli huwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtu mwenye mapumziko ya siku mbili anaweza kuwa mpigakura mwenye taarifa kamili katika hadithi fupi, jambo ambalo katika riwaya humchukua miezi. Nyingi ya hadithi hizo husomwa bure kwenye majarida ya mtandaoni kama Clarkesworld, Uncanny na Strange Horizons, na wanachama wa Worldcon kwa kawaida hupewa kifurushi cha nakala za kidijitali za kazi nyingi zilizofika fainali, kwa hisani ya waandishi na wachapishaji.

Novela nayo imepata uhai mpya kwa kuchapishwa kama kitabu kinachojitegemea. Ni urefu unaoruhusu wazo moja kubwa lisimuliwe bila kulazimishwa kuwa na matawi. Novela ya Nnedi Okorafor, Binti, ilitwaa Hugo mwaka 2016 pamoja na Nebula. Anayesoma kwa shida ya muda aanzie hapa.

Filamu na vipindi sina mengi ya kuvisemea. Hugo huvigawa kwa dakika 90, na kila mtu ana maoni juu yake bila kusaidiwa. Michezo ya video ilipewa kipengele cha majaribio mwaka 2021 na cha kudumu kuanzia mwaka 2024; Dragon ilikuwa nayo tangu mwanzo.

Je, kura itahesabiwa?

Hakuna tuzo kati ya hizi isiyo na doa. Mwaka 2015 kampeni mbili za kundi moja la mawazo zilisambaza orodha za majina ya kutaja katika Hugo, zikajaza vipengele vizima. Wapigakura wa mwisho walijibu kwa kuchagua "Hakuna Tuzo" katika vipengele vitano. Utaratibu wa pointi niliouelezea juu ulitungwa kwa sababu ya sakata hilo. Kwenye Worldcon ya Chengdu, China, ya mwaka 2023 lilitokea jambo baya zaidi, kwa kuwa lilitoka ndani: takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kuwa kazi na watu kadhaa waliokuwa na mapendekezo ya kutosha waliandikwa kuwa hawastahili, bila sababu. Kisha mwaka 2024 wasimamizi wa Worldcon ya Glasgow walifuta kura 377 baada ya kugundua dalili za uanachama ulionunuliwa ili kumpendelea mwaniaji mmoja, wakaeleza kwamba hawakuwa na ushahidi kuwa mwaniaji huyo alihusika, wakatangaza hayo kabla ya sherehe.

Mtu anaweza kusoma aya hiyo akaamua kuikimbia Hugo. Mimi naisoma kinyume. Tunayajua hayo yote kwa sababu kanuni zake zinalazimisha hesabu za kura zichapishwe ndani ya siku 90, na mashabiki wenye kikokotoo huzipitia mstari kwa mstari. Dragon haichapishi hesabu zake, hivyo hatujui kama ni safi au la. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila kura ya mashabiki itakuwa na wanaovuta kamba. Kinachotofautisha ni kama kamba inaonekana.

Hivyo, kwa msomaji wa vitabu vitano au sita kwa mwaka, hasa vya waandishi anaowafahamu, Goodreads inamtosha, na anaweza kuipigia kura kwa dakika kumi bila kujidai kuwa amelinganisha. Mpenzi wa mkondo mmoja mahsusi, au wa michezo na filamu kuliko vitabu, atafurahi zaidi na Dragon. Asomaye sana lakini asiyetaka kulipa ada aende Locus, aanze na orodha yao ya mapendekezo, na ajaze nafasi zote tano kwa mpangilio. Anayetaka kura yake iwe na uzito, na aliye tayari kusoma kazi ambazo hakuzichagua mwenyewe, ajiunge na Worldcon mapema, kabla tarehe ya mwisho ya wapendekezaji haijapita, kwa sababu anayengoja orodha ya wawaniaji itangazwe huwa amekwisha kuiacha nusu yenye nguvu ya kura yake.

Na katika hizo zote nne, kinachokutesa zaidi kukipata ni kumbukumbu. Ifikapo Machi hakuna anayekumbuka hadithi fupi aliyoisoma Februari ya mwaka uliopita. Tangu nianze kuandika jina, jarida, tarehe ya kuchapishwa na sentensi moja ya maoni siku niliyosoma, nafasi zangu tano za hadithi fupi zimejaa kabla karatasi haijafunguliwa, na nyingi ni za waandishi ambao majina yao nisingeweza kuyataja bila daftari hilo.